Jina la Kazi kwenye Karatasi

Babu yangu aliondoka Kampala mwishoni mwa mwaka 1970 akiwa na sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na karatasi moja. Sanduku liliisha kwa kutu huko Kisumu. Godoro sijui lilikwenda wapi. Karatasi ninayo mimi. Imekunjwa mara nne, na penye mikunjo mama yangu aliibandika selotepu ambayo sasa imegeuka rangi ya chai. Ni cheti cha utumishi kutoka kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa, Eneo la Viwanda, hapa Kampala. Kina jina lake, tarehe aliyoanza mwaka 1954, tarehe aliyoachishwa, na mstari wa aina ya kazi. Kwenye mstari huo karani amepiga taipu maneno mawili ya Kiingereza ambayo maana yake ni kibarua wa kutwa.

Babu hakuwa kibarua wa kutwa. Miaka yake mingi pale kiwandani aliitumia kwenye mashine. Mama anasimulia jinsi alivyokuwa akichukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye chuma kinachoshika beringi, mpini anautia sikioni, kisha anafumba macho na kusikiliza. Akisikia sauti kama ya mchanga kwenye meno, anasema: hii imebakiza wiki mbili. Aliyemfundisha ni fundi mkuu, kalasinga mmoja mwenye maneno machache. Kalasinga kwenye daftari la mshahara aliandikwa fundi mitambo. Babu aliandikwa kibarua kwa sababu ndivyo alivyoandikwa siku ya kwanza alipopokewa getini, na hakuna aliyerudi kwenye daftari kusahihisha.

Oktoba 1970 serikali ya Milton Obote ilitangaza kwamba kazi zisizohitaji ujuzi, zilizoshikwa na watu wasio raia, ziende kwa Waganda. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1969 ilikwisha kutaka kila asiye raia awe na kibali cha kukaa na kufanya kazi, na kibali kilitolewa kwa kutazama kazi. Wakenya wapatao 30,000 waliondoka Uganda, wengi wao Waluo na Waluhya waliokuwa wakiishi Nakawa na Naguru, zile nyumba za wafanyakazi ambazo mwanaanthropolojia David Parkin alizifanyia utafiti miaka ya 1960 na kuzitolea kitabu mwaka 1969. Babu alikuwa mmoja wao, akiishi Nakawa. Aliyepitia cheti chake hakumpa bisibisi asikilize mashine. Alisoma mstari, akamrudishia karatasi.

Mimi najaza fomu. Nina meza, kompyuta mbili na mashine ya kuskani karibu na Nasser Road, mtaa ambao Kampala nzima huujua kwa uchapaji. Wanakuja wauguzi, madereva wa malori, walimu wa hesabu, wapishi, na tangu miaka michache iliyopita wanakuja wengi wenye swali moja: kazi yangu imo kwenye orodha? Wanadhani orodha za kazi ni jambo jipya, limeletwa na intaneti. Mji huu umekuwa ukiandikiwa orodha za kazi tangu haujawa na barabara ya lami, na nyumbani kwetu tunaijua gharama yake.

Neno lenyewe, kibarua, lilikuwa karatasi kabla ya kuwa mtu. Ni barua ndogo: kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa huko pwani, Unguja na Mombasa, ili kimshuhudie anapodai ujira. Siku zikapita, jina la karatasi likamwingia mtu, na leo tunasema fulani ni kibarua bila kukumbuka kwamba tunamwita kwa jina la cheti chake. Kipande nacho ni hivyo hivyo. Huko Kenya, kuanzia mwaka 1919 na 1920, mwanamume mzima Mwafrika alilazimishwa kukitembeza kipande, mara nyingi shingoni ndani ya kikasha cha chuma, kina alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Babu alikua akiwaona wakubwa wake wamevaa vikasha hivyo. Alipovuka Busia kuja Kampala alikuwa amekwisha kufundwa kwamba karatasi ndiyo inayozungumza, mtu ananyamaza.

Orodha ya kwanza kubwa iliyoujenga mji huu ilikuwa ya reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta Wahindi wapatao 32,000 kujenga reli ya Uganda kutoka Mombasa. Waliletwa kwa mikataba ya miaka mitatu, na mikataba ilitofautiana kwa kazi: kibarua wa kawaida alilipwa rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho, waashi, maseremala, wahunzi na makarani wakawekwa juu yake. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Treni yenyewe haikufika Kampala hadi 1931. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha, zaidi ya 2,000 walikufa kazini, na wapatao 6,700 walibaki. Wengi wa waliokuja kushika duka na kiwanda Kampala walifika baadaye, kwa nauli zao wenyewe, lakini sura ya mji ilikwisha kuchorwa na ile mikataba: Mhindi ni wa ufundi na ukarani, Mwafrika ni wa kubeba. Ndiyo maana mwalimu wa Babu alikuwa kalasinga, na ndiyo maana karani wa getini hakuhitaji kumuuliza Babu anajua nini.

Kisha ikaja orodha ya Uingereza. Tarehe 1 Julai 1962, miezi mitatu kabla ya Uganda kupata uhuru, sheria ya kuzuia wahamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola ilianza kutumika huko London. Mtu aliyetaka kwenda kufanya kazi alihitaji vocha, na vocha zilikuwa za aina tatu. A ilikuwa ya mwenye kazi iliyokwisha kupatikana. B ilikuwa ya mwenye ujuzi unaotakiwa. C ilikuwa ya wengine wote. Kufikia 1965 C ilikuwa imefutwa, na B ikabanwa kwa watu wa aina chache: madaktari, madaktari wa meno, wauguzi, walimu waliosomea, wahitimu wa sayansi na teknolojia. Hospitali za Uingereza zilikuwa na njaa ya wauguzi, na njaa hiyo ndiyo iliyoandika orodha. Nimekaa na orodha nyingi mezani kwangu na sijaona hata moja iliyoandikwa ili kumheshimu fundi. Zote zinaandikwa na nchi inayotazama kwake nini kimepungua.

Wahindi wengi wa Kampala walidhani hayo hayawahusu kwa kuwa walikuwa na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1968, baada ya Kenya kuanza kudai vibali vya kazi kwa wasio raia na Wahindi wa Nairobi kumiminika London, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria nyingine kwa haraka. Wenye pasipoti za Uingereza kutoka Afrika Mashariki wakawekewa vocha maalumu 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mwaka 1971 zikaongezwa hadi 3,000. Ukiwa na pasipoti ya nchi fulani na bado unapangiwa foleni ya kuingia nchi hiyo, ujue pasipoti yako imekuwa kibarua.

Sasa nifike 1972, ambako kisa hiki kina uzito wake.

Tarehe 4 Agosti, katika kambi ya jeshi ya Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke katika siku 90. Siku chache baadaye ikatoka amri rasmi, ikaongeza raia wa India, Pakistan na Bangladesh. Amri hiyo ilikuwa na orodha ya kazi ndani yake. Waliosamehewa walikuwa watumishi wa serikali na watu wa taaluma: madaktari, wanasheria, walimu, wahandisi na wengine wa namna hiyo. Mwenye duka aende, daktari abaki. Lakini neno la Amin halikukaa mahali pamoja. Tarehe 19 Agosti hata Waasia waliokuwa raia wa Uganda waliambiwa waondoke, kisha baada ya siku tatu wakaambiwa wabaki. Kwa hofu hiyo, msamaha wa wenye taaluma haukuwashika wengi. Madaktari na walimu waliondoka pamoja na wauza vitambaa.

Na wakati huo huo, katika mji huu huu, ilikuwapo orodha nyingine iliyosomwa kwa kugeuzwa. Septemba 1972 kundi la maofisa wa Canada likiongozwa na Roger St. Vincent lilifungua ofisi Kampala. Foleni ilizunguka. Canada ilikuwa na utaratibu wa alama tangu 1967: jumla alama 100, na ukipata 50 unapita. Niuonyeshe kwa mfano, maana ukiuelewa huo utaelewa na hizi za leo.

Mchukue fundi mitambo wa miaka 38 aliyesoma miaka kumi na anayejua Kiingereza vizuri. Kila mwaka wa shule ni alama moja: ana 10. Umri ni alama 10 kwa aliye kati ya 18 na 35, na kila mwaka unaozidi unapunguza moja: ana 7. Kiingereza peke yake bila Kifaransa ni 5. Jumla 22. Anahitaji 28 nyingine, na hapo ndipo orodha ya kazi inapoingia. Ujuzi wa kazi ulipewa hadi alama 10: mtaalamu mwenye shahada anapata 10, kibarua asiye na ujuzi anapata 1. Mahitaji ya kazi hiyo huko Canada yalipewa hadi 15, kufuatana na wizara ilivyoona soko mwaka huo. Kisha kulikuwa na 15 za ofisa mwenyewe, alivyomwona mtu aliyeketi mbele yake. Fundi mitambo angeweza kupita. Mwenye duka mwenye umri ule ule, shule ile ile na akili ya hesabu kumshinda fundi, angeanguka kwenye mahitaji, maana Canada haikuwa na upungufu wa maduka.

Kwa heshima ya wale maofisa, niseme kwamba walipewa ruhusa ya kulegeza, na walilegeza. Ndege ya kwanza ya kukodi iliondoka Entebbe tarehe 27 Septemba kwenda Montreal, na kufikia tarehe 8 Novemba, siku ya mwisho ya Amin, watu zaidi ya 4,000 walikuwa wamesafirishwa hivyo. Hadi 1974 Canada ilikuwa imepokea zaidi ya 7,000. Uingereza, iliyoshindwa kukwepa pasipoti zake yenyewe, ilipokea watu wasiopungua 27,000, na hao hawakupimwa kwa kazi. Baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus la hapa Kampala likiwaomba wasiende kwao. Walikwenda, na leo mji huo hauelezeki bila wao.

Babu alisikia huko Kisumu kwamba yule kalasinga wake alikuwa miongoni mwa waliopata Canada. Mama anasema alifurahi kweli kweli, akamwombea. Kisha akatoa karatasi yake sandukuni, akaitazama, akairudisha. Watu wawili walisikiliza beringi moja kwa masikio yao. Mmoja aliandikwa fundi mitambo, na kwenye jedwali la Canada angeweza kuwa na 15 za mahitaji. Mwingine aliandikwa kibarua, na kwenye jedwali hilo hilo ujuzi wake wote ulikuwa alama 1.

Nirudi mezani kwangu. Viza ya Uingereza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, hii inayoulizwa kila siku, ilianza tarehe 1 Desemba 2020. Ukiondoa lugha na karatasi za benki, inasimama kwa miguu mitatu. Kwanza kazi yenyewe iwe imeorodheshwa: kila kazi ina nambari ya tarakimu nne, na serikali inaamua nambari zipi zinastahili. Pili mwajiri awe na leseni ya kudhamini, na akupe hati ya udhamini yenye nambari yako. Tatu mshahara ufike kiwango. Mguu mmoja ukivunjika, kiti kinaanguka. Februari 2022 walezi wa wazee, wanaotumwa majumbani na kwenye nyumba za wazee, waliongezwa kwenye orodha kwa kuwa Uingereza ilikuwa imepungukiwa nao. Machi 2024 walikatazwa kwenda na watoto na wake au waume zao. Aprili 2024 mshahara wa kawaida wa viza ulipandishwa kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka. Tarehe 22 Julai 2025 ukafika 41,700, kazi nyingi zisizo za ngazi ya shahada zikatolewa, na mlango wa walezi kutoka nje ukafungwa. Kutoka kufunguliwa hadi kufungwa ni miaka mitatu na nusu.

Wiki ya mwisho ya Julai hiyo alikuja mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, ameshika bahasha ya kaki kifuani.

"Mzee, nimeambiwa wewe unajua kujaza vizuri. Nambari yangu ni hii."

Kwenye karatasi kulikuwa na 6135, nambari ya walezi. Wakala alimwandikia kwa kalamu nyekundu, akaizungushia duara. Alikwisha kumlipa Juni, kwa pesa za shamba la baba yake huko Mukono. Tangazo la kufunga lilikuwa limetoka Mei.

"Dada, keti kwanza," nikamwambia.

Nilimweleza polepole. Hakulia. Aliniuliza kama kuna nambari nyingine. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema yeye ni mhudumu katika kliniki. Nikamuuliza tena: siku nzima, tangu asubuhi, mikono yako inafanya nini? Akaniambia anapima presha, anachoma sindano, anasafisha vidonda, anawapokea watoto usiku daktari asipokuwapo. Miaka saba. Cheti cha kazi kinasema mhudumu. Kazi ya muuguzi aliyesajiliwa bado imo kwenye orodha ya Uingereza. Kazi yake, kwa jinsi ilivyoandikwa, haimo, na usajili wa muuguzi haupatikani kwa barua ya mwajiri. Unahitaji chuo na mtihani. Nilimwambia hivyo bila kumficha. Nikamwambia pia kwamba pesa yake aifuate kwa polisi akiwa na risiti, nami nikamskania risiti zote bure.

Watu wananiuliza kama nchi yetu ina sauti katika mambo haya. Ina sauti kidogo. Shirika la Afya Duniani limeiweka Uganda kwenye orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza imekubali kwamba mawakala wake wasije kuwatafuta watu wa afya katika nchi hizo. Muuguzi wa hospitali ya Mulago anaweza kuomba kazi mwenyewe. Kumfuata hapa ndiko kunakokatazwa. Lakini mwaka 2014 serikali yetu yenyewe iliandaa orodha ya wahudumu wa afya 283 wapelekwe Trinidad na Tobago. Ndani yake walikuwamo madaktari 4 wa magonjwa ya akili kati ya 11 waliosajiliwa nchini, na wataalamu 20 wa picha za eksirei kati ya 28. Taasisi ya utafiti wa sera ya hapa Kampala ilikwenda mahakamani kupinga, na Ubelgiji ikasimamisha msaada wake wa afya. Naona walifanya vyema wote wawili. Mtu kuondoka kwa hiari yake ni haki yake. Serikali kumwandika kwenye orodha ya kuuzwa nje wakati wodi hazina daktari ni jambo jingine.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina majedwali yake. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na kila nchi ilikubali kufungua soko lake la kazi kwa kuandika aina za kazi na tarehe. Babu angevuka Busia leo angeulizwa swali lile lile: wewe ni nani kazini, na nani ameandika hivyo?

Kwa hiyo ninachowaomba wanaosoma haya, hasa vijana wa gereji za Katwe na Kisenyi, hasa akina dada wa kliniki ndogo, ni hiki. Nenda kwa mwajiri wako wiki hii, mkiwa bado mnaelewana, umwombe barua inayosema mikono yako inafanya nini, mashine gani, wagonjwa gani, tangu mwaka gani. Usingoje siku ya kuachishwa. Usilipe wakala kabla hujaisoma orodha yenyewe kwenye tovuti ya serikali husika, siku hiyo hiyo unayolipa. Na kama ulijifunza kazi chini ya gari wala hujakanyaga chuo, ujue kwamba kwa miaka kadhaa sasa mafundi wa namna yako wamekuwa wakipimwa kwa vitendo na kupewa hati ya ujuzi iitwayo Worker's PAS, kazi ambayo hapo awali ilifanywa na Idara ya Mafunzo ya Viwanda pale Lugogo, kwenye barabara ya Jinja. Mpimaji anakupa kazi, anasimama, anatazama unavyoifanya. Mwaka 1970 hati hiyo haikuwapo.